Dhahabu Ndani ya Tone la Damu

  Leo, msikilizaji, naomba tuzungumze habari za dhahabu, lakini bei ya sokoni tuiache kando.

Ukifika na homa kwenye zahanati yoyote ya mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, jambo la kwanza ni kutobolewa kidole. Mhudumu anafuta ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti, anatoboa, anakamua, anachota tone dogo la damu na kuliweka kwenye kishimo cha kile kipimo cha plastiki. Kwenye kishimo cha pili anadondosha maji ya dawa. Anaandika saa kwa peni pembeni ya kipimo, anaita mgonjwa mwingine. Baada ya dakika 15 au 20 anarudi kusoma. Mstari mmoja penye herufi C, huna malaria. Mistari miwili, penye C na penye T, unayo. Mistari yenyewe ni myekundu, wakati mwingine imefifia kiasi kwamba mhudumu anasogea dirishani ili aione vizuri.

Wekundu ule ni dhahabu. Narudia, maana redio haimpi mtu nafasi ya kurudi ukurasa: katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, rangi ya mstari inatokana na dhahabu halisi, madini yaleyale yanayotolewa Geita, Bulyanhulu na Nyarugusu, yakiwa yamefanywa chembe ndogo mno. Chembe moja ina upana wa nanomita 40 hivi. Nanomita 1 ni milimita 1 iliyogawanywa vipande milioni 1. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo utapanga chembe za dhahabu zaidi ya 170 kwenye mstari mmoja ndipo ufikie upana wa seli moja.

Utauliza, dhahabu ni ya njano, sasa wekundu umetoka wapi? Michael Faraday wa London alilishughulikia swali hilo, na mwaka 1857 akawaeleza wanasayansi wenzake juu ya maji mekundu aliyoyatengeneza kwa dhahabu. Chupa zake nyingine zimehifadhiwa mpaka leo pale Royal Institution, na rangi bado ipo. Alitambua kwamba dhahabu iliyogawanyika kuwa chembe ndogo sana haiupokei mwanga kama kipande cha dhahabu kinavyoupokea. Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie akatoa hesabu kamili ya jambo hilo. Elektroni zilizo juu ya chembe hutikisika mwanga unapozigonga, na kwa chembe za ukubwa ule hutikisika zaidi kwa mwanga wa kijani. Kijani kinamezwa na kutawanywa, nyekundu inapita, na jicho lako linapokea nyekundu.

Namna ya kuzitengeneza haina uchawi. Dhahabu safi huyeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi mbili ambao masonara wanaujua vizuri, ikawa chumvi ya njano ndani ya maji. Maji hayo huchemshwa, kisha hutiwa sitreti, chumvi ya ile asidi iliyomo kwenye ndimu. Njano inapotea, maji yanakuwa meupe, halafu yanaingia giza kama ya wino, na mwisho yanageuka mekundu ya kukolea. Kazi hii ni ya maabara yenye vifaa, tafadhali usiijaribu nyumbani, asidi zile zinaunguza na moshi wake unaua mapafu. Ila nataka uone jinsi dhahabu kidogo inavyofika mbali: gramu 1 tu, ikitengenezwa chembe za upana wa nanomita 60, inatoa chembe zaidi ya trilioni 400. Kijana anayetoka duarani Rwamgasa na gramu yake moja hajui kwamba kwa hesabu ya maabara ameshika mali ya kuhudumia wagonjwa wengi sana.

Dhahabu peke yake haiijui malaria. Kinachojua ni kingamwili inayobandikwa juu ya kila chembe, iliyotengenezwa ili ishike protini ya kimelea na isishike kitu kingine. Kingamwili inashika, dhahabu inaonekana. Hilo likae kichwani, kwa sababu ndilo lililowapeleka watafiti kwenye saratani.

Uvimbe wa saratani hautulii mahali pamoja. Seli zake huchomoka, huingia kwenye mishipa, husafiri na damu, na baadhi yake hujenga makao mapya kwenye mapafu, ini au mifupa. Mwaka 1869 daktari mmoja wa Australia, Thomas Ashworth, aliona kwenye damu ya mtu aliyekufa kwa saratani seli zilizofanana na zile za uvimbe wake. Tangu wakati huo madaktari wamejua kwamba kwenye damu kuna habari za saratani. Shida imekuwa kuzipata.

Wachimbaji mnaonisikiliza mtaelewa ugumu wake kuliko watu wengi. Mwamba wenye gramu 1 ya dhahabu kwa kila tani ni mwamba maskini, mtu anaweza kuupita bila kugeuka. Hata hivyo humo dhahabu ni sehemu 1 katika milioni 1. Sasa chukua mililita 1 ya damu, ambayo ni matone 20 hivi. Ina seli nyekundu zinazofika bilioni 5, na seli nyeupe milioni kadhaa. Mgonjwa wa saratani anaweza kuwa na seli 1 tu ya saratani katika mililita hiyo. Kwa kuhesabu, ni adimu mara 5,000 kuliko dhahabu katika mwamba ule mlioupita. Na seli ya saratani haina uzito wa kuiangusha chini ya mwalo wakati mchanga unapita. Ukubwa wake unakaribiana na wa seli nyeupe zilizoizunguka.

Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, Marekani, wakiwemo Shuming Nie na daktari wa saratani Dong Shin, walichapisha katika jarida la Cancer Research njia ya kuitafuta seli hiyo kwa dhahabu. Ili nikueleze walichofanya, inabidi tupitie Calcutta kidogo.

Mwanga ukigonga kitu na kutawanyika, karibu wote unarudi na rangi uliyokuja nayo. Sehemu ndogo mno, kama 1 katika milioni 10, inarudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na badiliko hilo linategemea molekuli iliyogongwa. Kila molekuli ina alama yake, mtu akiisoma anaitambua. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1928 na C. V. Raman pamoja na msaidizi wake K. S. Krishnan, kwenye maabara ya Calcutta, India ikiwa bado chini ya Waingereza, kwa vifaa vya kawaida sana. Mwaka 1930 Raman akapewa Nobel, mtu wa kwanza wa Asia kuipata kwa sayansi. Namtaja kwa makusudi, kwa ajili ya vijana wa sekondari wanaoamini kwamba ugunduzi ni wa nchi tajiri peke yake.

Lakini mwanga huo wa Raman ni hafifu mno, na kwa miaka mingi haukufaa kutafutia seli. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza na Marekani wakaona kwamba molekuli ikikaa juu ya uso wa fedha au dhahabu, mwanga wake unaongezeka mara mamilioni. Zile elektroni zinazotikisika, zilezile zinazoupa mstari wa malaria rangi yake, ndizo zinazousukuma mwanga.

Watu wa Emory wakaunganisha yote hayo. Kiini ni chembe ya dhahabu ya nanomita 60 hivi. Juu yake wakabandika molekuli za rangi zenye alama ya Raman inayojulikana. Wakazifunika kwa utando wa polima unaozuia chembe kugandana na kushika kila kitu kinachopita. Mwishoni wakaweka kipande kidogo cha protini ambacho hupenda kukaa kwenye kipokezi kiitwacho EGFR. Kipokezi hiki kimejaa juu ya seli za saratani nyingi za kichwa na shingo, yaani za kinywa, koo na ulimi. Seli nyeupe za damu hazina tabia hiyo.

Damu ya mgonjwa inazungushwa kwenye mashine ili seli nyekundu zijitenge. Tabaka la seli nyeupe, ambamo seli za saratani nazo zimejificha, linachanganywa na chembe za dhahabu, kisha linasafishwa ili chembe zisizoshika kitu ziondoke. Halafu inaelekezwa leza. Kama kuna seli ya saratani imevaa dhahabu, alama ya Raman inajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, mistari myembamba mirefu ambayo damu yenyewe haiwezi kuitoa.

Walipima wagonjwa 19 wa saratani ya kichwa na shingo, wakaripoti kupata kati ya seli 1 na 720 kwa kila mililita ya damu. Seli moja! Mimi nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza niliiacha, nikairudia. Kuna mashine nyingine ya kuhesabu seli hizi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004, inayotumia sumaku na rangi za kung'aa, na kwa saratani ya matiti hesabu ya seli 5 au zaidi katika mililita 7.5 za damu huwa dalili kwamba ugonjwa unakwenda vibaya. Kwa hiyo kuhesabu kwenyewe si jambo jipya. Njia ya dhahabu na Raman ilikuwa fupi zaidi, na rangi zake hazififii haraka chini ya leza. Tena mistari yake ni myembamba, hivyo alama za aina kadhaa zinaweza kusomwa kwa pamoja kwenye seli moja.

Nisikudanganye. Wagonjwa 19 ni wachache sana, na hadi leo hakuna hospitali yetu inayotoa kipimo hiki. Pia seli zinazozunguka kwenye damu huwa nyingi zaidi ugonjwa ukiwa umeendelea. Mtu mwenye uvimbe mdogo wa mwanzo anaweza kupimwa na asionekane na kitu. Kazi yake iliyo karibu zaidi ni kufuatilia mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa: seli zimepungua, au zimerudi? Atakayekwambia kwamba tone moja la damu litamwambia kila mtu kama ana saratani, muombe ushahidi.

Basi kwa nini nichukue muda wako wa asubuhi kwa jambo la Atlanta? Kwa sababu ninaamini kipimo cha saratani kwa njia ya damu kina faida kubwa zaidi hapa kwetu Msalala na Nyang'hwale kuliko kilivyo nayo Atlanta. Acha nieleze.

Saratani kwetu inathibitishwa kwa kukata kinyama. Daktari anachukua kipande cha uvimbe, anakitia kwenye kichupa chenye formalini, anabandika jina. Kichupa kinasafiri. Huko kinakofika, kinyama kinakaushwa maji, kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi, kinawekwa chini ya hadubini, na daktari wa patholojia anasoma. Kwa miaka mingi kazi hiyo, kwa Kanda ya Ziwa, imeegemea Bugando, hospitali ya rufaa iliyojengwa juu ya kilima pale Mwanza. Shinyanga mpaka Bugando ni kilometa 160 hivi. Kutoka Geita ilibidi usubiri kivuko cha Busisi, mpaka lilipofunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi mwezi Juni 2025, lenye urefu wa kilometa 3. Daraja limefupisha safari ya mgonjwa na ya kichupa, na kwa hilo tushukuru. Lakini daktari wa patholojia hajaongezeka kwa sababu daraja limejengwa. Majibu yanachelewa, mgonjwa anarudi kijijini kusubiri, simu yake inazimika, nauli imekwisha, na siku majibu yanapotoka hakuna wa kuyapokea.

Kwa saratani zinazokwenda polepole, ucheleweshaji huo ni mateso. Kwa nyingine, ni kifo chenyewe. Chukua Burkitt. Ni saratani ya watoto, inavimbisha taya, inalegeza meno, wakati mwingine inajaza tumbo. Iliandikwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alifunga safari ndefu ya gari kutoka Uganda kwenda kusini, akipita pia Tanganyika, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine wapi wanauona uvimbe huo na wapi hawauoni. Ramani aliyoipata ililingana na nchi za joto, mvua na malaria, nasi wa Kanda ya Ziwa tumo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakiwa London waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda, kirusi tunachokiita leo Epstein–Barr.

Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku 1 au 2. Fikiria mtoto aliyevimba taya anayesubiri majibu ya kinyama kwa wiki kadhaa. Na ugonjwa wenyewe unasikia dawa. Watoto wengi hupona kwa dawa za saratani bila kukatwa taya, wakianza mapema. Ndiyo maana moyo wangu uko kwenye mradi wa AI-REAL, ambao Chuo Kikuu cha Oxford kimeufanya pamoja na Muhimbili, Dar es Salaam, na Hospitali ya St Mary's Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wao hawatafuti seli nzima. Wanatafuta kwenye damu vipande vya vinasaba vilivyomwagwa na uvimbe na vya kile kirusi, ili mtoto athibitishwe kwa damu badala ya kusubiri kinyama. Hawatumii dhahabu, lakini njia ni ileile: kuufuata ugonjwa ndani ya damu, mahali sindano inapofika kwa dakika moja.

Habari za seli zinazosafiri ndani ya damu zinagusa pia hofu moja kubwa ya vijijini kwetu. Watu wanasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Nimesikia familia zikimficha mama mwenye uvimbe kwenye titi kwa sababu hiyo. Kumbe wale wagonjwa wa Emory wanatuonyesha kwamba saratani haingoji kisu. Inasafiri yenyewe, kila siku, kimya, uvimbe ukiwa umefungwa kwa khanga na mtu akiwa shambani. Anayekataa kinyama anaipa nafasi ya kuendelea na safari.

Na tuiseme saratani ambayo ni yetu kabisa. Ni ile ya kibofu inayoletwa na kichocho cha mkojo. Majaruba ya mpunga, malambo ya kunyweshea ng'ombe, watoto wanaoogelea mchana kutwa. Konokono wanaishi humo, na vimelea wanatoka kwa konokono na kuingia kwa mtoto kupitia ngozi. Mayai yao yakikaa miaka kwenye kibofu, yanaweza kuanzisha saratani. Madaktari wa Bugando, Peter Rambau na wenzake, mwaka 2013 walichapisha taarifa za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na karibu nusu yao walikutwa na mayai ya kichocho ndani ya nyama yenyewe. Kichocho kinatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Hapa hatuna haja ya nanomita wala leza, tunahitaji mzazi ampeleke mtoto anayekojoa damu zahanati, wala asiseme ni ukubwa unamjia.

Kwa hesabu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 40,000 na vifo vinavyokaribia 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu. Namba hizo ukizisoma pamoja, zinasema kwamba watu wetu wanafika hospitali wakiwa wamechelewa.

Dakika zilizobaki naomba niseme na wenye uamuzi. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya mgodi atengeneze kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na akubaliane na halmashauri husika. Kwa fedha hizo tumejengewa madarasa, zahanati na visima, na mimi sibezi hata kimoja. Lakini mheshimiwa diwani, safari hii mkikaa mezani, ombeni jambo lisilopigwa picha kirahisi. Ombeni kijana wa Geita na kijana wa Kahama wasomeshwe udaktari wa patholojia mpaka wahitimu. Ombeni vichupa vya formalini visiishe. Mfumo wa kusafirisha sampuli za wingi wa virusi vya UKIMWI na makohozi ya kifua kikuu upo, pikipiki zinakwenda. Vichupa vya vinyama navyo vipandishwe humo, na majibu yarudi kwa simu ya mgonjwa na ya mhudumu wa afya wa kijiji chake. Siku kipimo cha damu cha saratani kitakapokuwa tayari, kitapita njia hiyohiyo. Mkoa usio na njia ya sampuli leo hautaipata teknolojia hiyo hata ikiletwa bure.

Kwa vyuo vyetu nina neno moja. Mwaka 2015 Dkt Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji linalotumia mchanga na vitu vya nano. Ujuzi wa vitu vidogo kiasi hicho upo nchini. Mwanza kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu tangu mwaka 2021. Dhahabu tunayo, ya kusafisha tunaisafisha, wataalamu wa kemia wapo, na bado kipimo cha malaria chenye dhahabu ndani yake tunakinunua kutoka nje kikiwa kwenye kiboksi. Naona hiyo ni aibu inayoweza kuondolewa, na sioni sababu ya kuingoja nchi nyingine.

Na wewe mchimbaji, ole wako ukiuziwa maji ya dhahabu kwamba yanatibu saratani. Dhahabu niliyoieleza leo inatumika kuonyesha ugonjwa nje ya mwili, ndani ya kichupa. Hakuna hospitali yetu inayotibu saratani kwa kumnywesha mtu dhahabu. Wala usiichanganye habari hii na zebaki unayokamulia kwenye kitambaa na kuichoma kwa moto. Zebaki inaharibu mishipa ya fahamu na figo, na mvuke wake unamfikia hata mtoto aliyelala chumba cha pili.

Mama mwenye miaka 30 hadi 50, nenda kituo cha afya uulizie uchunguzi wa mlango wa kizazi, unafanywa kwa siki na majibu unapewa palepale. Binti wa miaka 9 hadi 14 apewe chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Mwenye kidonda mdomoni kisichopona, uvimbe kwenye titi au shingo, sauti iliyokauka isiyorudi, mkojo wenye damu, au mtoto aliyevimba taya, asisubiri pamba iuzwe wala duara litoe. Aende wiki hii. Akiambiwa akatwe kinyama akubali siku hiyohiyo, aache namba mbili za simu, yake na ya ndugu, na asitoke mlangoni kabla ya kuuliza majibu yatatoka lini na nani atampigia.